Mwaka Wangu wa Kwanza na Bunduki ya Kushindilia

Baba yangu alipofariki huko Tabora, nilikuwa na miezi minne tu tangu nistaafu kazi ya ufundi mitambo katika karakana ya reli hapa Dar es Salaam, kazi niliyoifanya kwa miaka 31. Siku moja baada ya arobaini, tulipokuwa tukipanga vitu vyake, mdogo wangu aliingiza mkono chini ya kitanda akavuta gunia la mkonge lililofungwa kwa kamba ya gome. Ndani mlikuwa na gobore, mdeki wake wa chuma, yaani ile fimbo ya kushindilia, kikopo cha fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, zilizoota kutu ya kijani, na pembe ya ng'ombe yenye kizibo cha mti ambayo mzee alikuwa akitilia baruti. Sote tulilijua lile gobore, kwa sababu utotoni tulilisikia likilia usiku nguruwe walipoingia kwenye mahindi. Kama lilikuwa na kibali au halikuwa nacho, hakuna aliyejua.

Kosa langu la kwanza nililifanya palepale. Nililirudisha chini ya kitanda nikasema tutaliangalia baadaye, na likabaki huko wiki tatu nzima. Tena, nikiwa na akili zangu timamu, nilifikiria kulifunga ndani ya godoro na kulisafirisha hadi Dar, kwa kuwa machoni pangu ilikuwa kumbukumbu ya mzee na si silaha. Mke wangu ndiye aliyenizindua kwa simu: "Baba, hujawahi kulala mahabusu ujanani, unataka ukaanze na mvi?" Silaha ya marehemu, hata iwe kuukuu namna gani, inapaswa kufikishwa polisi, na isiyo na kibali ndiyo zaidi. Jeshi la Polisi huwa linatangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mtu kushtakiwa, lakini asiwepo wa kusubiri tangazo. Nilimfuata mtendaji wa kijiji, naye akanisindikiza hadi kituoni ili nisionekane njiani peke yangu na bunduki begani.

Askari aliyekuwa na dhamana ya silaha, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliniamkia kwanza, "Shikamoo mzee," kisha akalipokea gobore kwa mikono miwili na kulielekeza kwenye rundo la mifuko ya mchanga. Hakuuliza kama lina kitu ndani. Alichukua mdeki, akautumbukiza polepole ndani ya kasiba, yaani mtutu, mpaka ukagota, akabana kwa kucha ya dole gumba pale ulipokutana na mdomo wa kasiba, akautoa, halafu akaulaza kwa nje sambamba na kasiba, kucha ikiwa palepale mdomoni. Ncha ya mdeki ilikomea vidole vinne kabla ya kufika mwisho wa kasiba.

"Mzee," akasema bila kupandisha sauti, "humu mna mzigo."

Gobore lilikuwa limeshindiliwa. Baba aliacha kulima miaka 12 kabla ya kufa, kwa hiyo baruti ile na vipande vya chuma vilivyokuwa mbele yake vilikaa muda wote huo chini ya kitanda ambacho wajukuu zake walikuwa wakikirukia kila likizo. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi wala haiozi; ya miaka mingi huweza kulipuka kama ya jana. Tuliambiwa tutoke nje. Walipoutoa ule mzigo kwa utaratibu wao, yule kijana aliniita akanionyesha jambo la pili: kasiba lilikuwa bomba la maji lenye mshono, na nyuma lilizibwa kwa bolti iliyogongwa kwa nyundo. Mimi, fundi wa miaka 31, nililibeba begani bila kuuona mshono ule. Nililisalimisha, nikapewa karatasi ya kupokelewa ambayo naitunza pamoja na hati ya nyumba, na nikaomba nirudishiwe ile pembe, ikiwa tupu na imesuuzwa. Usiku huo sikulala, na sitaficha kwamba nililia.

Hata hivyo, kitu kimoja hakikunitoka kichwani, nacho ni ule mdeki. Kazini tulikuwa na vipimo vya kila aina vya kujua kilichomo ndani ya silinda bila kuifungua, na hapa palikuwa na chombo cha karne zilizopita ambacho kijiti kimoja kinakuambia yote. Niliporudi Dar nilimsimulia jirani yangu wa Ukonga, mstaafu wa jeshi ambaye mtaani wote tunamwita Afande, naye akacheka akaniuliza kama ninataka kuiona bunduki ya namna hiyo iliyotengenezwa sawasawa. Ndivyo nilivyoingia katika burudani ambayo watu wengi hapa hawajui kama ipo: kulenga shabaha kwa bunduki za kushindilia, zinazotumia baruti nyeusi.

Bunduki ya Afande ni nakala ya zile za karne ya 19, imetengenezwa Gardone Val Trompia huko Italia, mji ulioishi kwa uhunzi wa bunduki kwa mamia ya miaka, na kasiba lake lina mihuri inayoonyesha kwamba lilijaribiwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla ya kuuzwa. Nilipoiona mihuri ile midogo nilikumbuka lile bomba la maji. Kama kuna msomaji mwenye gobore la kienyeji na anafikiri atalifufua kwa kujifurahisha, naomba aachane na wazo hilo leo. Mihuri hiyo haimo, na mlipuko hutokea sentimita chache kutoka kwenye jicho.

Kuhusu makaratasi nitasema kwa kifupi, maana taratibu hubadilika na kila mtu aulize kituoni kwake. Tunaongozwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na baruti yenyewe inaguswa pia na sheria ya vilipuzi, kwa hiyo mtu hawezi kununua baruti kama anavyonunua mbolea. Mimi nilianza kwa kupiga chini ya macho ya mwenye leseni, katika uwanja wa shabaha ulio nje ya jiji, na sambamba na hilo nikaanza ombi langu mwenyewe: serikali ya mtaa, kata, polisi wilaya, kamati ya ulinzi na usalama, na kadhalika kupanda juu. Nilikosea kwa kupeleka nakala moja moja ya kila barua. Faili langu lilipopotea katika ofisi mojawapo, sikuwa na ushahidi wowote kwamba niliwahi kufika hapo, nikaanza upya. Pigeni nakala tatu za kila kitu na mwombe mhuri wa kupokelewa juu ya nakala yenu.

Siku ya kwanza uwanjani nilitegemea mlipuko, nikapewa somo la subira. Afande aliniketisha kwenye benchi akanisomesha saa nzima bila kunipa bunduki. Alinionyesha kwamba baruti inapimwa kwa ujazo, kwa kikombe kidogo cha shaba chenye alama, na kwamba kipimo chetu cha greini 50 ni zaidi kidogo ya gramu 3, kiasi cha kutosha kwenye kijiko kidogo cha chai. Kipimo sahihi ni kile alichoandika mtengenezaji wa bunduki husika, na baruti ya risasi za kisasa, ile isiyotoa moshi, haiingii humo hata chembe, kwa sababu shinikizo lake litapasua kasiba. Alinikataza pia kumimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe kwenda kwenye kasiba. Nilipouliza sababu, alichukua kijiti chenye kaa la moto kutoka kwenye jiko la mama wa chai, akakipuliza kikang'aa, akasema kaa dogo kuliko hilo likibaki ndani ya kasiba baada ya mlio uliopita, kinacholipuka mkononi mwako si gramu tatu bali pembe nzima. Siku hizi tunabeba vipimo vilivyokwisha kupimwa katika vichupa vidogo, kimoja kwa kila mlio, na chupa kubwa inakaa mbali, imefunikwa.

Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza hadithi niliyosomeshwa shuleni Tabora, ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliingia kwenye ghala lake la baruti akajilipua kuliko kukamatwa. Tulikuwa tukiisimulia kama habari ya ushujaa, na ni kweli, lakini hatukuwahi kujiuliza baruti ina nguvu gani hata ghala lake liweze kumaliza vita vya mtu. Baruti ni shura, salfa na makaa ya mti: vitu vitatu ambavyo kila kimoja peke yake hakitishi mtu. Wasomaji wasinielewe vibaya. Kuichanganya mwenyewe nyumbani ni kosa la jinai na ni njia ya haraka ya kupoteza vidole.

Baada ya somo ndipo nikashindilia. Kwanza mdeki ndani ya kasiba tupu, kuona kama unafika kwenye alama ya kasiba tupu iliyochorwa juu yake. Kisha baruti. Kisha kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta kinawekwa juu ya mdomo wa kasiba, juu yake gololi ya madini laini ya risasi yenye kipenyo kidogo kuliko kasiba, na vyote viwili vinasukumwa chini mpaka gololi ikae juu ya baruti bila nafasi katikati, kwa sababu nafasi hiyo huweza kuvimbisha kasiba. Mdeki unapaswa kusimama kwenye alama ya pili, ile ya mzigo. Fataki ndiyo ya mwisho kabisa, na huvikwa ukiwa umesimama kwenye mstari, mdomo wa bunduki ukielekea shabaha. Nilivuta kifyatulio. Fataki ikalia "ta," na kabla sijashangaa, bunduki ikanisukuma begani kwa uzito wa mtu anayekupisha mlangoni, si kwa kofi kama nilivyohofia. Kisha moshi mweupe ukafunga kila kitu. Sikuiona shabaha, sikumwona Afande. Nilinusa harufu ya shamba la baba usiku wa nguruwe, nikabaki nimesimama humo hadi upepo ulipoutoa.

Shabaha sikuipata. Wala ya pili.

Mlio wa tano ndio ulionifedhehesha. Mwenzetu mmoja alikuwa akinieleza habari za kikotoo cha pensheni, nami mstaafu nikipata wa kuzungumza naye kikotoo sinyamazi, basi mikono ikaendelea na kazi yake na mdomo na yake. Nilivika fataki, nikavuta, "ta," kimya. Bunduki isipolia haiteremshwi. Baruti inaweza kuwa inafukuta, kwa hiyo unabaki umeielekeza kwenye shabaha kwa dakika nzima au zaidi, na dakika hiyo ni ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Nilipoiteremsha na kutumbukiza mdeki, ulizama chini sana kupita alama ya mzigo. Nilikuwa nimeshindilia kitambaa na gololi bila baruti. Kuitoa kulichukua dakika 40 kwa mdeki wenye parafujo nchani inayochimba ndani ya gololi ili ivutwe, huku wengine wote wakisubiri, na Afande hakunikaripia. Alisema tu kwamba ukisemeshwa wakati wa kushindilia, unarudi mwanzo kabisa, kwenye mdeki, hata kama una hakika ulipofikia. Sasa nafanya hivyo, na watu wanajua kuwa mimi nikiwa na kichupa mkononi sisalimiwi.

Kitambaa nacho kilinisumbua kwa mwezi mzima. Nilikata vipande kutoka kwenye kitenge kilichochakaa cha mke wangu, nikidhani pamba ni pamba. Gololi zikawa zinakwenda zinakotaka. Siku moja niliokota vipande vilivyoanguka mbele ya mstari wa kupigia, nikakuta kingo zake zimeyeyuka na kugandamana kama nailoni iliyounguzwa kwa mshumaa. Kumbe kitambaa kile kilikuwa na mchanganyiko wa nyuzi za plastiki. Kipande kizuri huanguka kikiwa kizima, na duara jeusi katikati tu. Nilikwenda Kariakoo nikatafuta amerikani halisi, pamba tupu isiyotiwa rangi, na muuzaji akataka kujua nani amefariki. Nilimwambia hakuna, ni ya bunduki. Hakutaka kuendelea na mazungumzo.

Kosa kubwa kuliko yote, lakini, lilitokana na ujuzi wangu mwenyewe. Fundi wa reli anaamini kwamba hakuna chuma kisichoponywa na grisi. Baada ya siku yangu ya tatu, Afande aliniamini kazi ya kuisafisha bunduki barazani kwake, nami nikaipangusa kwa kitambaa kikavu, nikaipaka oili ya mashine ndani na nje kwa moyo mkunjufu, tukaifungia kwenye sanduku lake la chuma. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya Aprili, masika yenyewe. Jumatatu asubuhi alinipigia simu akaniambia niende. Alipitisha kitambaa cheupe ndani ya kasiba kikatoka na rangi ya udongo mwekundu, na nyuma ya udongo ule kulikuwa na ute mweusi kama lami.

Sababu yake nimeielewa baadaye, na ndiyo jambo ambalo ningependa mkazi yeyote wa pwani alijue kabla hajashika bunduki ya namna hii. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kuwa masizi na chumvi chumvi, nyingine zinatoka na moshi na nyingine zinaganda ndani ya kasiba. Chumvi hizo zinavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Dar es Salaam haina upungufu wa unyevu. Katika nchi kavu mtu anaweza kuchelewa mpaka kesho. Hapa kwetu kutu inaanza jioni ileile. Oili inayotokana na mafuta ghafi haiziyeyushi chumvi hizo, bali inachanganyika na masizi na kuwa lami inayozifunika. Dawa yake ni maji. Maji ya moto na sabuni kidogo, yanavutwa juu na chini kwa mdeki wenye kitambaa mpaka yatoke meupe, na yanapotoka hunuka yai viza, harufu ambayo mwanzoni ilinitia kichefuchefu na sasa naiona kama dalili kwamba kazi inakwenda. Kisha kukausha, kukausha tena, na mafuta mepesi ya kuzuia kutu. Kesho yake kasiba linapitishiwa kitambaa cheupe kwa mara nyingine, na kabla ya kupiga tena mafuta yale hufutwa yote. Karakana ilinifundisha kuogopa maji kwenye chuma kwa miaka 31, na ilibidi niifute elimu hiyo nikiwa na miaka 60.

Kwa ajili ya vitambaa vya gololi, grisi niliiacha nikarudi kwetu. Nta ya nyuki ya Tabora, ambayo shangazi alinitumia kwa basi, nikaiyeyusha ndani ya maji ya moto pamoja na mafuta ya ng'ombe. Masizi yakawa laini, na nikaweza kupiga mara sita bila mdeki kukwama. Mke wangu alisema jiko lake linanuka bucha na mzinga kwa pamoja, na sufuria ile nikaambiwa niwe nayo moja kwa moja.

Naye ndiye aliyenibana kuhusu fedha, kwa hiyo hesabu zipo. Kwa siku kumi za kupiga katika mwaka huo, mchango wa uwanja na baruti ulikuwa shilingi 40,000 kila siku, jumla 400,000, nauli 120,000, miwani, vizuia masikio na vikorokoro vingine 160,000, barua, picha, cheti cha daktari na safari za ofisini 170,000. Jumla ni 850,000, na bunduki yangu bado sina. Kwa anayetegemea pensheni hilo si jambo dogo, na ningemshauri mtu asiguse kiinua mgongo chake kununua chochote kabla hajapiga kwa bunduki ya kuazima kwa miezi sita. Miwani na vizuia masikio visikatwe kwenye bajeti hata hivyo. Vipande vya fataki huruka. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa andazi, kwa kuwa gololi zile ni madini ya risasi, nayo ni sumu inayojikusanya mwilini kimyakimya.

Mwezi uliopita Afande aliamua tujipime kwa kanuni za mashindano ya kimataifa, yale yanayosimamiwa na MLAIC, kamati ya kimataifa ya bunduki za kushindilia, tangu 1971, ambapo mtu hupewa dakika 30 kupiga mara 13 na kumi zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Mita 50, kwa kusimama. Nilimaliza dakika zangu nikiwa nimepiga mara nane. Mara mbili mtu alinisemesha, nikarudi kwenye mdeki, na saa haikunisubiri. Gololi tano zilikuwa ndani ya karatasi, moja kwenye duara jeusi, na karatasi hiyo nimeibandika sebuleni chini ya pembe ya baba, ambayo mjukuu wangu amegundua kwamba ikitolewa kizibo hulia kama baragumu.

Ombi langu la leseni liko ngazi ya mkoa, kwa mhuri wa nakala ya tatu. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kubeba chupa mbili za maji ya moto, moja ya chai na moja ya kasiba, na nimezifunga utepe wa rangi tofauti.